Mtani Aliyechelewa Kuagwa

Mwaka umetimia, Amparo, tangu ulipotutoka Novemba ile ya 2005, na hiyo ndiyo safari pekee uliyowahi kuondoka mapema. Miaka yote tulikusubiri wewe: kanisani, stesheni, harusini, mezani chakula kikipoa. Siku ambayo tungependa uchelewe, ukaenda kabla wifi yako Lydia hajapata mahali pa kuegesha gari hospitalini. Mpaka leo hajakusamehe.

Ulikuja London mwaka 1991 na kundi la vichekesho kutoka Valencia, kwa wiki tatu tu, ulisema mwenyewe. Kwenu Hispania ulikuwa na jina: redio, jukwaa, na filamu mbili, ya kwanza ukiwa mtumishi mbea, ya pili mtawa mlevi. Wiki zako zilipokwisha ukabaki ukiimba kwenye mkahawa nyuma ya Edgware Road, na hapo ndipo Fanuel wetu, Mnyamwezi mpole asiye na makuu, alipokwenda kula akarudi na mchumba. Lydia, dada yake mkubwa, alimwuliza, "Sasa huyu ataishi wapi na hilo lisauti lake?" Mkaishi Thornton Heath, nyumba ya pili kutoka kwa Lydia.

Tuseme ukweli, ulikuwa kero. Ulifanyia bafuni mazoezi yako ya kulia jukwaani mpaka jirani Bhanu akaita polisi. Ulichukua kitenge cha Lydia cha akina mama wa kanisa ukakipandisha jukwaani, kikarudi na rangi ya midomo. Ulionja kila sahani isipokuwa yako. Tangazo lako la sabuni lilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, mabasi yakawa yanatuacha kituoni huku wewe unasaini mikono ya watu. Na ukikuta watu wamekaa kimya, popote pale, ulisimama mlangoni ukapaza sauti kwa Kiswahili chako cha kupinda: "Mbona kimya? Nani kafa?"

Hata kwenye matanga ya Mzee Lambert, baba yao Fanuel na Lydia, ulisema hivyo hivyo. Mzee alikuwa amekaa nasi mwaka mzima, akarudi Tabora, akafariki huko, nasi tukaweka msiba sebuleni kwa Lydia. Tulikuwa tunasikitika kwamba huku hatuna hata Mzaramo mmoja, watani wetu Wanyamwezi, wa kuja kututania kama desturi, amwigize marehemu, watu wacheke kidogo wapumue. Ukaingia wewe, umechelewa, ukauliza nani kafa. Kisha ukavaa koti la mzee, ukapandisha miwani juu ya paji la uso, ukaanza kuitafuta chini ya makochi huku unakohoa kikohozi chake. Mkamwana anamwigiza baba mkwe! Lydia alitamani ardhi ipasuke. Lakini Mama, mjane wa mzee huko Tabora, aliposimuliwa kwa simu, alicheka mpaka akalia. "Basi huyo ndiye mtani wenu," akasema. "Mwacheni."

Tukakuacha, ukazidi. Kwenye kila msiba wa Mtanzania kusini mwa London uliitwa wewe, na kila marehemu ukamuaga kwa mwendo wake na maneno yake. Lydia aligomba kila mara, na kila mara ni yeye aliyekupeleka na kukurudisha.

Ilipofika zamu yako hakuna aliyethubutu. Nani akuigize wewe? Tukakuzika kimya kimya, na tangu siku ile Fanuel hajataka kusema kwamba umekufa. Simu ikilia, watu wa jukwaani wakikuulizia, anajibu, "Katoka kidogo." Mwaka mzima umetoka kidogo! Jioni anakupakulia wali, anaufunika. Binti yenu Natasha ameanza kulala kwa shangazi yake kwa sababu hawezi kuutazama ule wali. Lydia amesema naye, padri amesema naye, ni kama kuongea na ukuta. Mwishowe Mama akapiga simu kutoka Tabora.

"Yule binti aliwaaga watu wote," alimwambia Lydia, "yeye mwenyewe hajaagwa. Mnangoja nini?"

"Mama, mimi ni nesi. Mambo ya kuchekesha watu nayajulia wapi?"

"Nani anamjua kuliko wewe uliyemlalamikia miaka yote hiyo?"

Jumamosi iliyopita, baada ya misa ya kutimiza mwaka wako, tulikaa ukumbini mwa kanisa kula. Fanuel aliweka kiti kitupu pembeni yake. Lydia hakuwepo, tukadhani yuko zamu. Mara mlango ukabamizwa. Akaingia na viatu vyako vyekundu visivyomtosha, kile kitenge chenye rangi ya midomo kikiwa begani. Akambusu kila mtu mashavu yote mawili, padri hakusalimika. Akachovya kidole kwenye mchuzi wa Bhanu, akasema chumvi haitoshi. Akaanza wimbo wako, vibaya mno. Watu hawakujua watazame wapi.

"Louder, Auntie," Natasha akasema. "Mum was way louder."

Basi Lydia akapaza sauti. Akaenda mpaka kwa Fanuel, akakaa kwenye kile kiti, akachukua nyama kwenye sahani ya mdogo wake.

"Mbona kimya, mume wangu?" akasema kwa Kiswahili chako. "Nani kafa?"

Fanuel akamtazama. Alimtazama, Amparo, mpaka tukaogopa.

"Wewe," akasema. "Wewe umekufa." Akacheka, kile kicheko ulichokuwa ukikitafuta kila siku, kisha akalia, na Lydia naye akalia pale pale, viatu vikimbana. Jana simu ililia, mtu anakuulizia. Fanuel alimwambia ukweli.

Unakumbukwa na mumeo Fanuel. Binti yako Natasha. Mama mkwe wako aliyeko Tabora. Jirani Bhanu, ambaye sasa nyumba yake ina utulivu, naye hautaki. Na wifi yako Lydia, anayekuomba kwa heshima zote kwamba siku tutakapokuja huko, angalau utupokee kwa wakati. Kukusahau tulijaribu, ili tupumzike kidogo. Tumeshindwa, na tutashindwa siku zote.