Haliwaki kwa Kila Mtu

Alhamisi, Mbale. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mlima hauonekani kabisa. Mikono yangu inanuka grisi, kucha zimevunjika, na nina furaha ya kiburi ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Wanaonisoma wanajua kazi yangu: nashona viti vya magari na maturubai kule Jinja, kibanda changu kiko njia ya Wanyange. Jumapili kaka yangu Hamidu alinipigia simu nije nyumbani kwetu Nkoma, hapa Mbale, nishone paa la gari la Baba na kuliangalia kidogo. Amepata mnunuzi wa Kampala, mtu wa kukodisha magari ya arusi. Jumamosi atakuja na fundi wake. Gari likiwaka analichukua, lisipowaka hataki hata kulisikia. Hamidu ameshakubali.

Mama hakuulizwa.

Nilikuja kwa hasira. Nilitaka niisikie injini ile mara moja tu kabla haijaenda kubeba maharusi wa watu.

Ni gari dogo la michezo, viti viwili, zamani lilikuwa jekundu. Paa lake la turubai hunyanyuliwa na mota iliyojificha nyuma ya viti. Baba alikuwa na duka la vitambaa mjini na hakuwa na anasa nyingine. Lakini kwa gari hili alikuwa na maringo, jamani. Kila akitaka kutoka, anaketi, anazungusha ufunguo, ananyanyua paa hadi nusu, analishusha tena, ndipo anaondoka. Sisi watoto tulimwiga kwa mwavuli. Majirani walisema mzee anataka tu aonekane.

Tangu afe halijawaka. Na hata akiwa hai liliwahi kumwaibisha.

Ilikuwa miaka ile ya askari, wakati gari zuri halikuwa na mwenyewe. Walikuja nyumbani mchana, bunduki begani, wakalitaka. Baba akatoa ufunguo kwa mikono miwili, akasema, "Chukua, afande." Afande akajaribu mpaka jasho likamtoka. Wenzake wakalisukuma hadi mwisho wa barabara, halikukohoa. Akarudi akampiga Baba kofi mbele yetu.

"Mzee, hii gari yako bure kabisa. Kaa nayo."

Wiki ileile likawaka kama kawaida, tukasema ni bahati. Lakini kofi lile lilinikaa moyoni. Kwa miaka mingi nilipolikumbuka niliona gari bovu na baba mnyonge, na niliwachukia wote, gari pia.

Turudi kwenye kazi. Fundi wa umeme wa mjini aliinama, akainuka, akasema waya zote zimeoza, zing'olewe. Nilimshukuru nikamfungulia geti. Nimeletea gari hili betri ya pikapu yangu, nimesafisha plagi na kabureta, nimetia petroli mpya. Kimya. Nilifunga paa kwa mkono nikajaribu, kimya. Nikalifungua, kimya vilevile. Hata stata haikuzunguka.

Leo nikaamua kumaliza paa kwanza, maana hilo ndilo nililoitiwa. Taa ya kupimia ilionyesha umeme unafika kwenye mota, ila waya wa athi, ule wa kurudisha umeme, ulikuwa umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa. Mota ikanguruma, paa likaanza kupanda. Nilipiga kelele peke yangu.

Lilifika nusu, bawaba kavu zikakwama, fyuzi ikaungua. Na mvua ndiyo kwanza inazidi, inaingia kwenye viti nilivyovishona jana. Nikaketi humohumo nimelowa, na kwa hasira tu nikazungusha ufunguo.

Nyuma ya kiti changu kitu kikalia tik. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikawaka.

Nilizima. Nikasukuma paa chini kwa mkono, nikajaribu tena: kimya. Nikalirudisha nusu: tik, likawaka. Nikafuata waya wa ufunguo. Badala ya kwenda mbele kwenye injini, ulikuwa unarudi nyuma mpaka kwenye bawaba ya paa. Pale kuna vibati viwili vya shaba vinavyogusana paa likiwa nusu tu, na kando yake rilei ndogo, swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme. Vikishagusana, rilei inashikilia umeme mpaka ufunguo uzimwe. Ndiyo maana Baba akishusha paa gari halikuzimika.

Si maringo. Baba alikuwa analifungua.

Nililia, sitaficha. Alisimama pale akapokea kofi, na jibu alikuwa nalo nyuma ya kiti.

Mama alisikia muungurumo akatoka barazani na mkongojo wake. Hakushangaa hata kidogo. Alijua siku zote. Kwa nini sisi hatukuambiwa? Kwa sababu mtoto akiulizwa na askari, husema. Miaka ile ya askari ilipokwisha, Mama alimwomba Baba akitoe kidude kile, maana sasa kuna serikali na watu wanalala. Baba akamjibu amani hii tuipe muda kwanza. Akafa bado anaipa muda.

Kisha Mama akanitazama.

"Zima, mwanangu, kabla Hamidu hajatoka msikitini. Mimi sijauza kitu."

Nikazima.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho napaka bawaba mafuta, naweka fyuzi mpya na kumalizia mshono wa mwisho, kwa sababu kazi niliyoitiwa ni paa. Vibati sivigusi. Jumamosi nitavaa gauni langu la Idi, paa litakuwa limefungwa vizuri, na mnunuzi akifika nitampa ufunguo kwa mikono miwili.

Akiweza kuliwasha, ni lake.