Tomate Iliyobaki Uchi

Mama Furaha,

Weye ni mama wa namna gani? Ulinituma Bunia kuangalia binti yako anasoma namna gani, hukuniambia kama anapika sashe, mifuko ya kutilia vitu! Ndiyo, anapika: wanga ya muhogo na nyuzi za mugomba, anaimwaga mu sinia, ikikauka inakuwa karatasi laini ya kufunga chakula. Na ile karatasi unaikula!

Leo asubuhi nilikuta tomate moja ameivalisha. Siye tunaosha kitu mbele ya kukula, si vile? Nikaosha. Karatasi ikayeyuka mu mikono kama makamasi, tomate ikabaki uchi.

Furaha akanipigia kelele, miye bibi yake: "Koko! Ile ilikuwa ya kuonyesha profesa Ijumaa!"

Nikamujibu: "Kitu inaogopa maji, itafunga sombe yenye muchuzi namna gani?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Sasa anataka kuongeza nyuzi ili ivumilie maji, lakini wanga imeisha, na sitaki mutoto wetu apate haya juu yangu.

Nawasalimia wote wa Aveba, hata bwana yako mwenye usingizi. Chimbua muhogo wa nyuma ya jikoni, mupatie huyu mutu wa pikipiki aliyeleta hii karata ninayokuandikia, anarudi huku. Utie mu kitunga. Ukitia mu sashe, nitaurudisha!

Mama yako