Maji ya Kunawa Anayamwaga Bwana Yangu

Jumapili, magaribi, mwezi wa kumi. Joto ya leo ni ile ya kungojea mvua: mawingu inajaa juu ya Naviundu, inatuchungulia, kisha inaenda zake. Umeme umekatika tangu asubui. Telefone yangu iko karibu kuzima. Hasira yangu, hapana.

Leo bakwe balikuja kwetu. Ao tuseme bale tulitumaini kuita bakwe.

Mutoto wetu wa kwanza, Nadège, alijuana na Trésor kule université ya Kasapa, bote bakiwa banafunzi. Leo familia ya kijana ilikuja kujionyesha: mama yake, na baba yake mukubwa, kwa sababu baba mwenyewe alikufa. Huyu mzee njo anasema kwa ajili ya bote. Akisema hapana, hakuna ndoa.

Sasa niandike jambo moja ya nyumba yetu. Kaskazini ya Katanga, kule bazee betu balitoka kuja kufanya kazi ya reli, bibi ya nyumba njo anapiga magoti mbele ya mugeni, na beseni na jagi, anamwaga maji ya kunawa. Mama yangu alifanya vile. Na miye nilifanya vile.

Lakini nilipokuwa na mimba ya Nadège, magoti yangu ilivimba. Bwana yangu alinitoa jagi mu mikono, akapiga magoti mwenyewe. Mutoto akazaliwa, magoti ikapona, nikaenda kudai jagi yangu. Akakataa.

«Mama, weye uko mu moshi tangu asubui. Bageni ni betu bawili. Na miye nataka fasi yangu.»

Tangu ile siku, miye nasonga bukari, ugali yetu, yeye ananawisha.

Na niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunikatiza: napenda kumuona vile. Mwanaume munene, muchomeleaji wa vyuma, anainama mbele ya mugeni kama anainama mbele ya altare. Tuko na siku zetu za kugombana, hata kusemeshana hatusemeshani. Lakini mugeni akibisha tu, yeye anakamata jagi, miye nakamata muiko. Tunakuwa bamoja mbele ya kusameheana.

Kwangu, hii njo ndoa. Pete iliniponyoka mu maji ya nguo zamani, na hatukuachana.

Basi leo. Kuku iko ku meza, na majani ya sombe, bukari inatoka moshi. Bwana yangu akapiga magoti mbele ya mzee. Mzee akarudisha mikono yake nyuma.

«Njo nini hii? Bibi yako iko wapi?»

«Iko pale, mzee. Njo yeye alipika.»

«Basi akuje anawishe!»

Bwana yangu hakusimama. Mzee akageukia mama Trésor, akacheka: «Ona, banamulisha huyu dawa ya mapendo! Iko kondoo. Na kijana wetu, njo mu hii shule banataka kumuandikisha?»

Hapo dada ya bwana yangu, Tantine Georgette, akaniokoa. Ao alizania ananiokoa. «Mutusamehe, mzee. Wifi yangu anaumwa magoti.»

Bantu bote mu salon balipumua. Mzee mwenyewe alianza kuleta mikono. «Ah! Kama ni ugonjwa, basi...»

Kazi yangu ilikuwa moja tu: kunyamaza.

Niliangalia bwana yangu. Iko chini, jagi mukononi, hanikonyezi. Nikaona kama nikinyamaza namuacha pale chini peke yake. Atakuwa bwana ya mugonjwa, anafanya kazi ya bibi kwa huruma. Na si vile.

«Magoti yangu iko mazima, mzee. Tunafanya vile kwa sababu tunapenda.»

«Unapenda kuona bwana yako chini?»

«Asubui yote miye nilikuwa chini mbele ya mbabula, napepea makala. Hakuna muntu aliuliza nani alinilisha dawa. Na Yezu aliosha bantu mpaka miguu, mzee.»

«Yezu hakukuwa na bibi!»

Mama Trésor akacheka mpaka akaziba kinywa na kitambaa. Kisha akaleta mikono yake mbele. «Miye niko na njaa. Papa, mwaga.»

Mzee hakunawa. Aliomba kijiko. Muntu mzima wa huku kwetu, bukari na kijiko! Lakini kuku hakuikataa, hata shingo. Mu kuaga akasema tu: «Tutatuma neno.»

Nadège alilia mu kikoni. «Maman, ni maji kidogo tu! Si ungenyamaza?» Kisha akaniomba: bakirudi, Tantine anawishe, na tuseme magoti inaniuma. Siku moja tu.

Bwana yangu alisikia. Akaweka jagi mbele yangu. «Mama, kama ni kwa ajili ya mutoto, kamata. Sitakasirika.» Najua hangekasirika. Njo kitu iliniuma zaidi.

Nikakataa.

Nilimuambia Nadège: ukiingia mu ile familia na uongo wa magoti ya mama yako, kesho batakudai uongo mwingine, na kesho kutwa mwingine, mpaka utasahau magoti ya kweli inaumwaga namna gani. Alifunga mulango ya chumba chake polepole, na mulango ya polepole inaumiza kuliko ya kupigwa.

Naogopa? Naogopa sana. Mutoto wangu akikosa bwana kwa sababu ya maji ya mikono, ile lawama nitaibeba mpaka siku batanizika, na sitasema ilikuwa ya muntu mwingine. Lakini bakirudi, batakuta nyumba ni ileile, na bageni ni betu bawili.

Nimesali rozari yote, na mwisho nimemuambia Mungu bila kuzunguka: Bwana, kama nilikosea, nionyeshe, nitapiga magoti palepale. Lakini tafazali, usimutume yule mzee.