Siku Kumi za Bubu

Jumatatu, 6 Oktoba

Kupe tu leo. Nimemtoa Kahawa kupe mpaka vidole vimekufa ganzi. Kopo la petroli ninalowatupia limejaa. Kikongwe kile cha mbwa kimelala kimya kama mama anayesukwa nywele.

Fufu ya muhogo na vichwa vya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sufuria mbili. Mbwa kumi na mmoja. Kumi wamekula na kugombana. Mgeni hakula.

Alishushwa Jumamosi kutoka lori la mbao lililotoka Walikale. Dereva alisema mbwa alipanda mwenyewe huko njiani, na yeye hamtaki. Mwekundu, miguu minne myeupe, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni. Shingoni alikuwa na kengele ya mti, imefungwa kwa kamba iliyokuwa imeanza kuingia kwenye nyama. Nilikata kamba, nikasafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nikapaka dawa ya zambarau. Kengele nikaitundika msumarini juu ya mlango wa jikoni.

Tangu afike hajabweka hata mara moja. Anafungua mdomo, hakitoki kitu. Nimemwita Bubu.

Mchana alikuja mwanaume mmoja anataka mbwa wa kulinda duka. Swali lake la kwanza: mnyororo unauzwa wapi? Nimemrudisha. Sheria yangu anaijua kila mtu huku Kirotshe. Unakuja mara tatu, unamlisha mbwa kwa mkono wako, na mnyororo unauacha kwako. Asiyeweza aende akanunue kufuli.

Wananiita Mama ya Imbwa. Wanadhani nitaona haya.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku mbaya.

Papa Shukuru, kiongozi wetu wa nyumbakumi, alipita asubuhi kutangaza mkutano. Akaona kengele juu ya mlango. Akasema ni kitu cha uchawi, itupwe motoni. Nikamwambia ni kipande cha mti tu. Hakusikia. Akanyoosha mkono akaitoa msumarini. Bubu alikuwa amelala chini yake. Aliruka mara moja, akamuuma kiganjani, kengele ikaanguka, akairudia akailalia.

Nilimshika Papa Shukuru mkono nikamwosha kwa sabuni na maji, muda mrefu, huku anapiga kelele. Nikamwambia anyamaze, nilikuwa nahesabu dakika. Kisha nikampeleka mwenyewe kwa pikipiki hospitalini, wakamwanzishia sindano za wazimu wa mbwa. Alikubali. Ni mkali, si mjinga.

Mchana alirudi na bandeji na wanaume wanne wa avenyu, mtaa wetu huu. Alisimama langoni hakuingia.

"Imbwa yenye haibweke iko na wazimu," akasema. "Uiue leo, ao tutaziua zote."

Miaka kumi na minane nimekuwa infirmiere, muuguzi wa mifugo. Ninajua kitu kimoja ambacho wao hawakijui: mbwa mwenye wazimu akimuuma mtu hamalizi siku kumi. Anakufa kabla. Akizimaliza akiwa mzima, hakuwa na wazimu siku ile aliyouma. Nikawaeleza. Wakatazamana.

"Siku kumi, Papa," nikamwambia. "Ikikufa mbele ya hapo, mutakuja kuua zote. Sitafunga mulango."

Nilisema hivyo mbele ya watu watano. Mdomo wangu.

Amekubali, lakini kwa sharti la mnyororo. Nimekataa. Hapa hafungwi mbwa. Nimetoa masufuria, kuni, mafiga, kinu, kila kitu, nikamwingiza Bubu jikoni pamoja na kengele yake, nikapigilia mbao dirishani. Kengele nimeirudisha msumarini, mlango huohuo, upande wa ndani. Yeye ana nyumba. Mimi napika nje.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Mafiga yamelowa, moto umekataa mara tatu. Fufu ilitoka na mabonge. Mbwa hawakulalamika, mimi nililalamika kwa niaba yao.

Bubu amekunywa maji. Nasimama kwenye ufa wa mbao kila asubuhi kumwangalia akimeza. Mwenye wazimu hamezi. Yeye anameza.

Hajala.

Kisimani wanawake wamesogeza bidoni zao za maji nilipofika. Vizuri. Nimechota bila kupanga foleni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Amekunywa. Hajala. Miguu ya nyuma inatetemeka akisimama.

Sipendi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hajala. Nimempa vichwa vya sambaza, nimempa yai, nimempa nyama ya mbuzi niliyonuia kula mimi. Ananusa, anarudi kulala akitazama juu ya mlango. Mbavu zinahesabika. Leo alifungua mdomo kuelekea kwangu, koo likacheza, sauti haikutoka.

Mimi ndiye infirmiere. Ninajua ugonjwa ule unaanza na miguu ya nyuma. Ninajua unachukua sauti. Nimewajibu watu wa avenyu kwa kiburi, na sasa nasimama kwenye ufa wa mbao nikiogopa kama wao. Kama nimekosea, si Bubu peke yake. Ni Kahawa, ni Kelele asiyenyamaza, ni wale watoto wanne wa mama mbwa Pendo ambao juzi tu wamefungua macho. Wote kwa ajili ya mdomo wangu.

Niandike basi na lile lingine. Halijawahi kuandikwa.

Siku tulipokimbia vita huko Burungu nilikuwa na mbwa, Simba. Alitufuata mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa shamba. Watu wakasema akibweka njiani tutasikika, tutakufa wote. Nikarudi naye. Nikamfunga mimi mwenyewe kwenye mguu wa ghala, kwa kamba ya ng'ombe, mafundo mawili. Nikamwambia narudi kesho. Alibweka mpaka tukavuka bonde. Hiyo kesho ina miaka miwili.

Ndiyo maana hapa hafungwi mbwa. Si huruma. Ni deni, na sina wa kumlipa.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani mhubiri aliombea avenyu yetu iepushwe na wanyama wakali. Vichwa vyote viligeuka upande wangu. Wimbo uliofuata niliuimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya.

Wakati wa kutoka, mwanaume mmoja alinisubiri kando ya ngazi. Papa Elia, mpasua mbao wa hapa Kirotshe. Mtu wa Walikale, wa msituni kabisa. Alikwenda kwanza Omate kuchimba dhahabu, hakupata kitu, akashuka huku. Hatujawahi kuzungumza. Akaniuliza, huyo mbwa ana rangi gani. Nikamwambia. Mkia je? Nikamwambia. Akauliza kama alikuja na kengele.

Tukaja naye mpaka hapa. Akachungulia kwenye ufa, akakaa hapo muda mrefu. Alipogeuka alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa na maji.

"Mama, hii haiko mugonjwa," akasema. "Imbwa ya pori, ya kuwinda, haibwekake. Njo maana tunaivalisha kengele, juu tuisikie kwenye iko."

Kumbe kengele ndiyo sauti yake. Nimezaliwa kwenye milima ya ng'ombe. Mbwa wetu wanabwekea mpaka mwezi. Miaka kumi na minane ya kazi, na hakuna aliyewahi kuniletea mbwa wa namna hii, kwa sababu wawindaji hawaleti mbwa wao kwa infirmiere.

Na kula je? Papa Elia akaniuliza nani alivua kengele. Nikasema mimi. Nilimpa nini nilipoivua? Nikasema dawa ya zambarau.

"Uliitosha kengele, haukuipatia fungu yake," akasema. "Iko inangojea."

Akanieleza. Kwao, asubuhi mwindaji anamvalisha mbwa kengele, ndiyo kazi imeanza. Wakirudi, mwindaji anaivua, na palepale, kwa mkono uleule, anampa mbwa fungu lake la nyama. Hapo ndipo kazi imekwisha na mbwa anakula. Mbwa aliyefundwa vizuri hagusi chakula kingine. Mimi nilivua kengele nikageuka nikaenda zangu. Kwa Bubu, kazi haijaisha tangu Jumamosi ile.

Papa Elia alitaka kuingia. Nimekataa, siku kumi ni siku kumi, na mimi nina chanjo yeye hana. Yeye akaelekeza kutoka nje, mimi nikafanya ndani. Nimemfunga kengele kwa kitambaa laini, kidonda kimekauka. Bubu alisimama. Miguu ikitetemeka hivyohivyo, akasimama. Nikatembea naye ukuta kwa ukuta, mara nne, kengele inagonga ko, ko, ko. Nikapiga goti, nikaivua, nikampa kichwa cha sambaza kwa mkono uleule.

Amekula. Amekula tisa. Amelamba mkono mpaka kwenye kiwiko.

Nililia jikoni mle, na sijui nilikuwa nalia na hasira ama furaha. Nilimwacha afe njaa siku nane kwa ujuzi wangu. Papa Elia aligeuka akatazama ziwa mpaka nikamaliza.

Jumanne, 14 Oktoba

Amekunywa, amekula, mara mbili. Miguu imetulia.

Asubuhi nimekuta nyama chini ya dirisha la jikoni, imefungwa vizuri kwa jani la mgomba. Imerushwa juu ya ua. Ndani yake punje za bluu, dawa ya panya. Mbao za dirisha ndizo zilizomwokoa. Kama ingepita, Bubu angekufa siku ya saba na watu wangesema, mumeona.

Sikuizika. Niliiweka kwenye sahani yangu nzuri, ile ya maua, nikaifunika kitambaa, nikaenda nayo kwa Papa Shukuru. Alikuwa na wageni, wanakunywa chai. Nikaweka sahani mezani, nikafunua.

"Hii nyama imerushwa kwangu, Papa," nikasema. "Kama ni zawadi, muanze ninyi."

Papa Shukuru aliinama, akatazama punje za bluu, akatazama bandeji yake. Alikasirika, na si juu yangu. Akawaambia wale wageni, polepole, kwamba yeye alitoa siku kumi mbele ya watu, na atakayerusha kitu tena kwa Mama ya Imbwa atakuwa amemrushia yeye. Mmoja aliangalia viatu vyake. Sijauliza jina. Viatu nimevikumbuka.

Nilirudi na sahani yangu. Nyama nimeichoma, sahani nimeiosha mara tatu.

Jumatano, 15 Oktoba

Papa Elia amekuja mara ya pili, baada ya kazi, ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Nimemtembeza Bubu, nimemvua kengele, naye Papa Elia akampa samaki kwa mti mrefu kupitia kwenye ufa. Hakuomba chochote. Ametaja tu kwamba kwao aliacha mbwa wawili, na kwamba hawezi kuwataja majina.

Nilimwambia mimi pia nilimwacha mmoja.

Mama Shukuru, mkewe Papa Shukuru, naye alipita, eti anatafuta mbuzi. Mbuzi yuko kwao, nimemwona mwenyewe. Alisimama dakika nyingi kwenye ua anamwangalia Kelele, ambaye alimbwekea bila kumeza mate. Kelele amekaa hapa miezi saba. Kila mtu anamrudisha kwa sababu hanyamazi. Mama Shukuru akasema, huyu mwizi hamfiki. Akaenda.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya kumi.

Walikuja asubuhi, Papa Shukuru na wanne wake. Mmoja amebeba jembe begani, la kuchimbia shimo. Na nyuma yao avenyu nzima, hata wale wanawake wa bidoni. Nilikuwa nimevaa kitenge cha Pasaka. Nilitaka wakumbuke.

Nikafungua mlango wa jikoni kwa upana wake wote. Watu wakarudi nyuma. Bubu alitoka taratibu, akafumba macho kwa jua, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma. Akanywa maji kwenye beseni mbele ya wote. Nikamvisha kengele, nikaivua, akala mkononi mwangu. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka kwenye jembe, lililokuwa limeegemezwa kwenye ua, akainua mguu.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Shukuru.

Papa Shukuru alikaa akimwangalia mbwa. Kisha akasema sawa. Neno hilo tu, na kwake ni hotuba. Watu wakaanza kutawanyika. Yeye akabaki, akakohoa, akasogea karibu nami ili wengine wasisikie.

"Hii haibweke," akasema. "Mimi nataka ile yenye kubweka."

Nikamwambia mara tatu, Papa, na kwa mkono wako. Akadai tayari amekuja mara tatu. Nikamwambia hizo hazihesabiki, hukulisha mbwa, wewe ndiye uliyeliwa. Alitaka kukasirika, akashindwa. Kesho anaanza. Na mnyororo ataacha kwao, nimerudia mara mbili.

Jumapili, 26 Oktoba

Kelele amekwenda jana. Namsikia kutoka hapa.

Leo baada ya ibada Papa Elia amekuja mara ya tatu. Anarudi kwao, ndugu zake wamempelekea habari kwamba watu wanaanza kurudi mashambani mwao. Lori la mbao linamngoja juu ya barabara. Alikuwa na mfuko mdogo mgongoni na mikono mitupu. Nikatazama vizuri. Hakuja na kamba.

Nilimpa kengele. Akamfunga Bubu polepole, akipitisha kidole chini ya kitambaa kuona kama haibani. Bubu alisimama wima, masikio mbele. Papa Elia akaanza kupanda njia bila kuangalia nyuma, na Bubu akamfuata. Penye kona mbwa alisimama akanigeukia, akafungua mdomo vilevile. Kisha akaenda.

Niliisikia kengele mpaka pale kwenye mikaratusi. Baadaye upepo.

Nimefagia jikoni. Nimerudisha mafiga, masufuria, kinu. Msumari juu ya mlango nimeuacha. Mvua imeanza tena, na leo napika ndani. Kahawa amelala miguuni pangu, karibu na moto, ana kupe mmoja sikioni. Nitamtoa nikimaliza fufu.