Inzi Hana Pasipoti

3 Machi

Shemeji,

Shikamoo. Dada hajambo? Watoto je? Na kitambi chako, bado kinakutangulia kuingia ofisini? Sisi wazima. Baba anakohoa kidogo, ila kelele zake ziko palepale.

Nina jambo. Jumatatu nilikuwa nakagua mitego ya inzi kwenye mashamba ya machungwa, na katika mtego wa baba, baba yetu huyuhuyu, nikamkuta inzi ambaye si wa kwetu. Nikampeleka kwa mkuu wa kituo chetu cha ukaguzi wa mimea. Akamtazama, akafunga mlango, akaniambia nimtupe chooni na nisahau hadi machungwa ya msimu huu yavuke mpaka kuja kwenu.

Sikumtupa. Yumo kwenye kichupa hiki, amekufa, ndani ya spiriti. Darubini ya kituo chenu ni nzuri kuliko yetu. Nitazamie, uniambie kama ndiye.

Shemeji yako

17 Machi

Shemeji,

Marahaba. Hatujambo. Dada yako anasema uache kukisema kitambi, ni kazi ya mikono yake.

Ndiye. Ndiye yule anayetaga ndani ya chungwa likaoza lingali mtini. Nilimtambua kabla sijawasha darubini, kwa sababu tunaye huku tangu mwaka jana. Mkuu wangu naye alifunga mlango. Anayetangaza kwanza ndiye anayefungiwa soko, basi kila upande unangoja mwenzake ajikwae.

Nakuomba unyamaze. Ni machungwa ya mzee hayo, ni kazi yako, na kwangu ni ada ya watoto. Tutafute njia taratibu.

Shemeji yako

24 Machi

Shemeji,

Salamu ni zilezile, leo sina hamu ya kuzirefusha.

Taratibu ipi? Mwaka mzima mmetukagulia machungwa yetu kwa tochi, mkitutazama kama wezi, kumbe inzi mnamfuga wenyewe. Mimi nikitega huku nanyi mkinyamaza huko, anavuka mto wa mpakani na kurudi apendavyo. Hana pasipoti wala hapangi foleni.

Tutangaze siku moja. Tarehe 10 Aprili, mimi hapa, wewe huko, tuiandikie ile ofisi ya kanda inayolinda mimea ya nchi zetu zote, kila mmoja ampe mwenzake nakala. Hakuna wa kwanza, basi hakuna wa kuadhibiwa peke yake. Halafu tutege pande zote mbili. Baba nimemwambia, na hajanisemesha tangu juzi. Usipoandika nitaandika peke yangu, na huyo mkuu anifukuze akitaka.

Shemeji yako

21 Aprili

Shemeji,

Hamjambo? Niliandika tarehe 10. Nakala yako sikuiona, wala barua.

Machungwa yetu yamefungiwa soko. Kituoni nimenyang'anywa funguo za ofisi, nimehamishiwa stoo kupanga ndoo. Majirani wananipita kama sipo. Jana nilianza kufukia machungwa yaliyoanguka, maana yakiachwa juu ya ardhi funza wanatoka na kuwa inzi wapya. Baba alinitazama kutoka mlangoni, kisha akaja na jembe lake akachimba nami. Tulipomaliza aliuliza jambo moja tu: "Mume wa dada yako naye ameandika?"

Nikamwambia nitakuuliza. Nimeumia, shemeji, sifichi. Lakini sijuti, na ile tarehe 10 ikirudi nitaandika tena.

Shemeji yako

8 Mei

Shemeji,

Mzima? Mzee je, kifua kimetulia?

Mjibu kwamba ameandika. Amechelewa, lakini ameandika. Tarehe 10 nilikaa mbele ya kompyuta mpaka ofisi ikafungwa, nikaogopa. Barua yako ya mwisho dada yako aliisoma kabla yangu, akaniwekea mezani juu ya sahani tupu, akaenda zake kulala. Kesho yake nikatuma barua yangu kwa ofisi ya kanda.

Mkuu wangu aliniuliza nani kanitia wazimu. Nikamwambia shemeji yangu. Amenisimamisha kazi. Sasa mpaka umefungwa kwa machungwa ya pande zote mbili, na wakubwa wetu, baada ya kuchunguliana mwaka mzima, wameitwa na ofisi ya kanda wakae meza moja kupanga mitego. Wa kwenu atakuhitaji, maana yeye inzi alitaka atupwe chooni. Akikuita, mwambie akurudishie funguo kwanza.

Mimi muda ninao. Jumamosi tunakuja na dada yako kuwasaidia kufukia. Hatubebi tunda wala jani. Nakuja na jembe tu, na nimelisugua mpaka halina hata chembe ya udongo wa huku. Tukifika, likague.

Shemeji yako