Wa Kwa Nani: Kumbukumbu ya Binti Yetu, Aliyeshuka Kitini Akajibu

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu tukulaze. Viatu vyako vya kazini bado viko nyuma ya mlango wangu, vile vyeusi ulivyosema vinakubana. Kila anayefagia anavisogeza, kisha anavirudisha palepale. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Familia imekubaliana niandike mimi. Dada yako alitaka maneno mazuri ya kwenye kadi. Nikamwambia maneno mazuri ulikuwa unayasikia kutwa nzima kazini, na ukirudi ulikuwa unataka uji tu.

Wasiokujua wajue. Ulikuwa mbunge, na mwenyekiti wa ile kamati inayoiuliza serikali inaajiri vipi, nafasi zake inamtangazia nani, na wakubwa wake wanayafuata maadili au wanayasoma tu. Kazi ya kuuliza, basi. Ulikuwa unavua viatu chini ya meza, unaisogeza chai pembeni mpaka ipoe, ndipo unaanza. Chai ya moto, ulisema, inamfanya mtu akubali mambo haraka.

Swali lako moja liliwachosha sana. Akiletwa ofisa ambaye tangazo la kazi yake hakuna aliyeliona, unamwacha amalize kujisifu na vyeti vyake, halafu unamuuliza taratibu, kama vile unamkaribisha: "Na wewe ni wa kwa nani?" Chumba kinacheka, mwenyewe anatafuta leso. Wahudumu wa kantini ya Bunge wakakupa jina, Mheshimiwa Wakwanani. Ulipolisikia ulimwita aliyelianzisha, ukamwambia kwa kosa hilo akuongezee sukari.

Lakini swali hilo ulilitoa nyumbani. Mgeni akiingia kwangu anaulizwa ni wa kwa nani, ili tujue tumwamkie vipi na tumuulizie hali ya nani. Huenda ni ndugu na hatujui. Niliwafundisha wote, watoto na wajukuu, kuuliza hivyo na kujibu vizuri. Mtu asitaje jina lake tu kama aliyeokotwa njiani. Ataje mama, ataje babu, ataje mama wadogo na wakubwa. Kwetu hilo ni swali la kumpa mtu kiti. Wewe ulilipeleka mahali ambapo kiti kimeshatolewa, ukawa unauliza kilitolewaje.

Ndiyo maana yaliyompata kijana wa dada yako hayakuwa ujanja wake. Alikwenda wizara moja kuomba kazi ya stoo. Kwenye usaili mkubwa mmoja akamuuliza kwa upole yeye ni wa kwa nani, naye akajibu kama alivyolelewa. Mama yake muuguzi, babu yake alikuwa fundi saa, mama yake mdogo mbunge, mwenyekiti wa kamati. Usaili ukaishia hapo. Akarudi anashangaa, ananiambia, bibi, hawakuniuliza hata kitu kimoja cha stoo, wamesema nianze Jumatatu. Dada yako alimkumbatia kwa mikono yenye unga, shati jeusi likawa jeupe mgongoni.

Wewe ulikuwa hujui. Ulikuja Jumapili kula kwangu, kijana akakuhadithia mwenyewe kwa furaha, ukaacha kutafuna. Ukamwambia arudie vile yule mkubwa alivyomuuliza. Akarudia. Ulimwongezea mchuzi.

Haukupita muda, wizara hiyohiyo ikaitwa mbele ya kamati yako. Watu walikuwa wanalalamika kwamba nafasi zake zimejazwa na watoto wa wakubwa, kimyakimya, bila tangazo. Siku hiyo uliniambia nije nikae viti vya wageni, ukanionya nisikohoe.

Kabla hujamuuliza mtu yeyote ulisema unatangaza maslahi yako: mmoja wa walioajiriwa ni mwanao. Ukainuka, ukamwachia kiti makamu wako, yule bwana wa chama cha upinzani mliyekuwa mnagombana asubuhi na kula pamoja mchana. Ukazunguka meza hadi upande wa mashahidi. Ulikwenda pekupeku, viatu umevisahau chini ya meza. Niliona watu wanatazama miguu yako, nikaona nawe umegundua, ukaendelea kutembea.

Mwanasheria wa wizara akasimama haraka. Akasema mheshimiwa anajisumbua bure. Wanaolalamikiwa ni watoto wa wakubwa, na huyu kijana kisheria ni mpwa, mpwa si mtoto. Mheshimiwa akitamka tu kwamba si mwanawe, jina lake linatoka kwenye shauri hili, kijana anaendelea na kazi na mheshimiwa anarudi kitini kwake. Alikufungulia mlango kabisa, na hata komeo alikushikia.

Makamu wako alivua miwani. "Shahidi, tusaidie," akasema. "Huyu kijana ni wa kwa nani?"

Watu wakacheka. Hata wewe ulicheka kidogo, maana limekurudia. Kisha ukasema:

"Wa kwetu. Sheria imwite itakavyo. Mimi nimemwita mwanangu tangu alipozaliwa, siwezi kumkana leo kwa sababu kipaza sauti kimewashwa."

Hapo ndipo nilipokohoa. Unisamehe.

Walioitwa baada yako hawakuwa na pa kujificha. Mkurugenzi aliyekuja amejiandaa kusema hamjui binti mmoja wa mapokezi aliyeajiriwa vivyo hivyo, akakohoa yeye pia, akasema ni mkwewe. Nafasi zote za aina hiyo zikafutwa, zikatangazwa upya, usaili ukafanywa hadharani. Mwanao akaomba tena, akapanga foleni kama wengine. Hakupata. Aliyepata alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi za stoo tangu ujana wake, na kijana mwenyewe alisema huyo mama amejibu vizuri kumpita yeye.

Dada yako hakuyapokea hayo. Alikuja kwangu siku uliyokuwepo, akasema mengi. Nitaandika moja. "Neno moja tu lingemwokoa. Ungesema si wako."

Ukamwambia, "Dada, halafu ningemtazama vipi?"

"Ungemtazama akiwa na kazi."

Mkanyamaziana kuanzia hapo. Mkikutana kwangu mnaongea kupitia mimi. Mama, mwambie mwenzangu anisogezee chumvi, na chumvi iko mbele ya pua zenu. Nikawa nawapitishia chumvi. Sikumwambia hata mmoja wenu kwamba amekosea. Mlikuwa mnamwonea uchungu mtoto yuleyule, kila mtu kwa upande wake, na mambo ya hivyo yanataka kuachwa yapoe kama chai yako.

Hayakuwahi kupoa, ukaugua. Dada yako alichukua likizo hospitalini kwake akaja kukuuguza. Alikuosha, akakulisha, akakugeuza upande huu na upande ule, na bado alikuwa ananiambia mimi, mama, muulize kama maji yamekuwa ya moto sana. Unajibu mwenyewe, yamekuwa sawa. Anasema, mama, amesemaje?

Kijana alikuwa anakusomea gazeti kwa sauti, mnawacheka wabunge wenzako. Siku moja ulimkatiza, ukamuuliza mbele yetu kama ana kinyongo nawe. Alikunja gazeti.

"Mama mdogo, kazi nitapata," akasema. "Ningekusikia unasema mimi si wako, hilo ningelipeleka wapi?"

Dada yako alibeba beseni akatoka nje. Alikaa nalo huko muda mrefu, na maji alikuwa ameshayamwaga kabla ya hapo. Aliporudi alikupaka mafuta miguuni. Wiki ile ile ukaondoka, na neno mlilodaiana hamkuambiana. Nimekuwa nikimwona mwaka mzima anatembea nalo.

Habari za huku ni hizi. Mumeo amejifunza kupiga pasi, shati moja limeungua. Mwanao mkubwa amekuwa mbishi kama wewe, na mdogo anavua viatu chini ya meza darasani, mwalimu ameniita. Makamu wako ndiye mwenyekiti sasa. Alikuja kutusalimia, akasema lile swali analiuliza bado, ila yeye hachekeshi. Kijana wa dada yako yuko kwenye bohari ya wachapaji vitabu. Walipomuuliza ni wa kwa nani alisema, kwa heshima zote, atawajibu wakishamaliza maswali ya kazi. Wakamaliza, wakamchukua, ndipo akawajibu, na akajibu kikamilifu mpaka wakatazama saa.

Juzi tulikwenda na dada yako kwenye ofisi ya gazeti kulipia nafasi ya tangazo hili. Binti wa dirishani alikuwa anauliza mbiombio. Marehemu ameacha mume? Nikasema ndiyo. Ndugu? Nikasema dada mmoja, huyu hapa. Watoto? Nikasema wawili, kwa kuwa najua wao wanataka wa kuzaa.

Dada yako alikuwa nyuma yangu, mkoba ameukumbatia kifuani. Akasogea dirishani.

"Watatu," akasema.

Binti akainua kichwa. "Bibi amesema wawili."

"Andika watatu. Huyo wa tatu nilimzaa mimi, ila ni wake. Alikwishasema."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika mlangoni akaviona viatu vyako, akauliza kama umekuwa ukiviacha hapo siku zote. Hakuniambia nikuulize. Alikuwa anakuuliza mwenyewe.

Unakumbukwa na mumeo na pasi yake. Unakumbukwa na dada yako. Unakumbukwa na watoto wako watatu, na makamu wako, na wahudumu wa kantini ambao kikombe chako cha chai bado wanakiita cha Wakwanani, na mimi mama yako.

Na huko uliko, mwanangu, wakikuuliza wewe ni wa kwa nani, jibu vizuri kama nilivyokufundisha. Wa kwetu. Jana, leo, na siku zote tutakazokuwa hapa kukutaja.