Mwisho wa filamu ya baba mkwe

Mwenzangu, leo nimeumbuka. Nimechoka, hata kulia siwezi.

Unaikumbuka ile filamu ya mapenzi ya baba mkwe? Ile waliyokuwa wakiionyesha alipokuwa bawabu wa jumba la sinema, akanipa diski yake nilipoolewa. Miaka tisa namwambia nimeiona, ni nzuri sana. Miaka tisa! Diski haijatoka hata kwenye nailoni yake.

Sasa leo namtia dawa ya macho, akanishika mkono. "Mwanangu, hebu nisimulie inavyoisha. Mimi mwisho sijawahi kuuona."

Hajawahi kuuona!! Kumbe kila zikibaki dakika tano, alikuwa anatoka kwenda kufungua milango watu wasisongamane. Na sasa macho yenyewe ndiyo hayo, hayaoni tena.

Ningesema nini? Nikatunga. Nikamwambia wale wapenzi wanarudiana, wanakumbatiana, mvua inanyesha.

Akacheka mpaka dawa yote ikamtoka na machozi. "Unaona? Marehemu mama yako alikuwa akiniambia hawarudiani. Tumebishana mpaka anakufa. Kumbe alikuwa ananitania tu!"

Mama mkwe, mwenzangu. Aliyekuwa anauza tiketi palepale sinema. Aliyeiona kila Jumamosi.

Nimechana nailoni sasa hivi, nikaipeleka filamu mbele mpaka mwisho.

Hawarudiani.

Na yeye yuko hapo sebuleni, ameishika picha ya mama mkononi, namsikia: "Si nilikuambia mimi?"